Piko Kidevuni

Naandika haya kwa ajili ya wanaume wenzangu, hasa yule ambaye asubuhi ya leo amejitazama kiooni, akaona kidevu kinamuwasha na kimevimba kidogo, akasema "kitapoa chenyewe," kisha akatoka kwenda kazini. Mimi nilisema hivyo hivyo. Kilipoa, lakini baada ya joto la kaskazi na mvua zote za masika kupita, na hakikupoa chenyewe.

Naitwa Suleiman. Nina miaka hamsini na minne, natengeneza mafriji na viyoyozi. Duka langu liko Mlandege, lakini siku nyingi utanikuta juu ya ngazi kwenye mahoteli ya Kiwengwa au Paje, nimekifungua kiyoyozi kinachovuja. Kazi hii imenifanya mtu wa kuuliza. Kitu kikiharibika, hamu yangu ya kwanza si kukitengeneza, ni kujua kimeharibika kwa nini. Ndiyo maana najishangaa. Ngozi hii nimeivaa zaidi ya miaka hamsini, na sikuwahi kuiuliza swali hata moja.

Mke wangu wa kwanza alifariki miaka minne iliyopita. Baada ya msiba ndevu zangu zilianza kugeuka, na mwaka haukumalizika zikawa nyeupe pe. Sikujali. Nilibaki na binti yangu Salma, mwalimu wa skuli ya msingi, tukaishi wawili Kikwajuni, yeye na madaftari yake, mimi na bisibisi zangu.

Halafu friji la Bi Zuhura likaharibika.

Bi Zuhura ni mpambaji wa maharusi, ana saluni yake Jang'ombe. Ni mjane kama mimi, miaka arobaini na tatu, hakujaaliwa mtoto. Mara ya kwanza nilikwenda kwa sababu ya friji. Mara ya pili nilikwenda kwa sababu ya friji. Mara ya tatu friji lilikuwa zima, na sote wawili tulilijua hilo. Posa ikapelekwa kwa ami yake, ndiye walii wake, ikakubaliwa, na ndoa ikawekwa Ijumaa moja ya mwezi wa Shaabani.

Siku moja katika Rajabu nilikwenda kwa Abdalla, kinyozi wangu wa siku nyingi. Nikamwambia habari ya harusi. Akanitazama kwenye kioo.

"Sheikh Suleiman, unaoa au unaozesha?"

Kibanda kizima kilicheka, na mimi nikacheka. Lakini neno lile liliniingia.

"Nikupake piko kidogo tu," akasema Abdalla. "Robo saa. Utatoka hapa na miaka thelathini na tisa."

Kwa asiyeijua, piko ni ule unga mweusi wa kupakia nywele. Kwetu wanawake huichanganya na maji wakachorea maua mikononi pembezoni mwa hina, na vijana wa ufukweni huwachora wageni nge na nanga mabegani. Nimeiona tangu nazaliwa. Sikuona cha kuogopa.

Mara ile ya kwanza haikunifanya kitu. Nilirudi nyumbani na ndevu nyeusi, Salma akanitazama, akarudi kwenye madaftari yake. Mara ya pili, mwanzo wa Shaabani, kidevu kiliniwasha siku mbili, nikadhani ni jasho. Mara ya tatu ilikuwa Jumanne kabla ya Ijumaa ya ndoa. Nilimwambia Abdalla aiache zaidi ya robo saa, ishike vizuri.

Jumatano nilikuwa hoteli moja Kiwengwa nafungua mashine juu ya paa, na ngozi ya kidevuni nikaihisi inabana, kama nguo iliyofuliwa ikarudi. Nilijikuna kwa mgongo wa bisibisi. Alkhamisi asubuhi nilifungua macho, na jicho moja halikufunguka. Nilipopapasa uso sikuujua. Mashavu yalikuwa yamepanda, midomo imejaa, na kidevuni yalikuwa yametoka malengelenge yanayovuja maji ya manjano, yameshikamana na ndevu.

Salma alitoka jikoni na kikombe cha chai. Kilimponyoka.

"Baba, hii nini?"

"Kitapoa chenyewe," nikasema, lakini midomo ilivyokuwa, sidhani kama alinielewa.

Alinipeleka hospitali mwenyewe. Nilivaa barakoa na miwani ya jua, nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi. Kliniki ya ngozi ilikuwa na mabenchi marefu ya mbao, na mabenchini wamekaa wanawake na watoto. Wanaume walikuwa wamesimama nje kwenye ukumbi, migongo ukutani, simu mikononi, kila mmoja kama kwamba amemsindikiza mkewe. Na mimi nikaenda kusimama nao. Kisha muuguzi akaanza kuita majina: Juma, Othman, Haji. Kila jina lilipoitwa, msindikizaji mmoja alijitoa ukutani akaingia ndani kichwa chini. Pamoja na maumivu yangu, jambo lile lilinichekesha. Nikaanza kuwatazama kwa siri. Mmoja alikuwa na vipele vigumu shingoni, vya wembe. Mwengine, kijana anayefundisha wageni michezo ya upepo kule Paje, pua yake ilikuwa imebanduka kwa jua tabaka baada ya tabaka. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, mkali wa macho.

"Umepaka nini?" aliniuliza hata sijakaa.

"Sijapaka kitu, Daktari. Nadhani ni samaki niliyekula."

"Baba," akasema Salma nyuma yangu.

"Piko," nikasema.

"Mara ngapi?"

"Tatu. Lakini ya kwanza haikunifanya kitu hata kidogo."

"Ndivyo inavyokuwa. Mwili hujifunza kukichukia kitu, ukishajifunza hausahau." Akaniinua kidevu kwa kidole chenye glovu. "Siku zote uso unaoshea nini?"

"Sabuni ya mche."

"Ile ya kufulia?"

"Ndiyo ninayoogea tangu utoto."

"Na baada ya kuosha unapaka nini?"

Nikageuka kumtazama Salma, kama vile swali ni lake. "Mimi ni mwanamme, Daktari."

"Ngozi yako haijui hilo," akasema, akaendelea kuandika.

Nilipewa vidonge na krimu ya siku chache. Mengine yalikuwa ya nyumbani: kitambaa safi kilichochovywa katika maji yaliyochemshwa yakapoa, kukiweka usoni mara nne kwa siku, baadaye mafuta ya mgando yasiyo na harufu, basi. Manukato mbali, udi mbali, wembe mbali. Ndevu zikatwe kwa mkasi leo hii, kwa sababu piko bado imo ndani yake. "Na usiirudie tena maisha yako," alisema. "Safari nyengine inaweza kukuziba pumzi."

Salma ndiye aliyenikata ndevu, kwenye kiti cha jikoni, kwa mkasi wake wa kukatia karatasi za skuli. Nilikuwa sijaonesha kidevu changu tangu nina miaka ishirini. Ulianguka ule weusi wa Abdalla sakafuni, vipande vipande, na chini yake ikabakia nyama mbichi.

Ndoa iliahirishwa. Ndugu zangu walitaka nimpe mmoja wao uwakili akapokee ndoa kwa niaba yangu, na mimi nilitaka hivyo. Lakini kutoka Makunduchi, anakoishi Mzee Makame, ami yake Bi Zuhura, lilikuja neno la upole: mgonjwa apone kwanza.

Ramadhani ikaingia nami nina gamba usoni. Vidonge nilivimeza futari na daku. Sikujua kwamba mtu hutumia uso wake kwa mambo mengi hivyo. Kutafuna tende kuliniuma. Kupiga miayo kuliniuma. Udhu ndio uliokuwa mtihani mkubwa zaidi, maji yakigusa kidevu machozi yananitoka yenyewe. Daktari aliponieleza kuwa niyapitishe maji taratibu, nisisugue, kisha nifute kwa kugusa na kupaka mafuta kabla hapajakauka, niliona kama nimefunguliwa mlango. Jambo dogo hivyo, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Katikati ya mwezi nilikwenda msikitini kusali alasiri. Nilijipanga safu ya mwisho. Mtu mmoja akaja kusimama upande wangu wa kulia, mtu ninayemjua, nimemtengenezea friji lake mara mbili. Akaniangalia uso, na tulipoambiwa tusogeleane, akaacha nafasi kati ya bega langu na lake. Nafasi ya kupita paka. Sikumlaumu, maana sijui mimi ningefanya nini. Lakini sala yote ile sikusikia chochote isipokuwa ule ubaridi begani, na siku zilizobakia nilisali nyumbani.

Jirani aliniletea liwa, ule unga wa msandali, nijipake, nikajipaka kwa haya ya kumkatalia, nikavimba tena siku tatu. Abdalla alikuja na chupa ya mafuta ya habasoda. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya magoti.

"Yakhe, mimi nshawapaka watu mia. Hakuna aliyepata hivi."

"Nnajua."

"Sasa kwa nini wewe?"

"Hilo ndilo ninalotaka kulijua na mimi," nikamwambia, na kweli nilitaka. Chupa yake nilimrudishia bila ya kuifungua, naye hakukasirika.

Sikukuu ilipokaribia gamba lilibanduka. Nilisimama mbele ya kioo nikiwa na furaha, nikasogea karibu, nikaona chini yake ngozi laini ya waridi. Wiki moja baadaye, ngozi ile ikawa nyeupe. Si nyeupe ya kupauka, nyeupe ya chokaa. Baka moja chini ya mdomo, moja taya ya kulia, moja pana kidevuni, na madogo yametawanyika kama mtu amenirushia maji ya rangi.

Daktari alisema piko imechoma rangi ya ngozi. "Inaweza kurudi, inaweza isirudi. Tusubiri."

"Nitajuaje kama inarudi?"

Akarudia kusema tusubiri, basi jibu nikalitafuta mwenyewe. Salma alikuwa na nailoni ile ngumu ya kufunikia madaftari. Nikamwomba akate kipande, anibandike usoni, afuatishe mipaka ya kila baka kwa kalamu yake nyekundu ya kusahihishia, aandike na mwezi. Tukakubaliana kufanya hivyo kila baada ya wiki mbili. Mvua za masika zilikuwa zinapiga mabati ya majirani, mimi nimekaa kwenye kiti cha jikoni nimeinua kichwa, yeye ameniinamia, ulimi nje kidogo, kama alivyokuwa akichora alipokuwa mdogo.

Ilikuwa mara ya pili au ya tatu ya kuchora. Aliniambia nisitikisike, kisha akasema, macho kwenye nailoni:

"Baba, siku ile ndoa ilipoahirishwa, nlifurahi."

Nilitaka kugeuka. "Usitikisike," akasema.

"Nlifurahi kweli. Nlikuwa sitaki mtu mwengine akae jikoni kwa mama. Halafu nikakutazama uso, nikaona haya. Nikadhani labda mimi ndiye niliyekuombea balaa hili."

"Salma, ni piko."

"Nnajua ni piko. Lakini nlitaka nikwambie."

Alimaliza baka la taya, akaibandua nailoni taratibu. Nikamuuliza kama bado hataki. Akafikiri sana.

"Sasa nnataka kumjua kwanza," akasema. "Hilo sikuwahi kulifanya."

Ndivyo ilivyotokea kwamba Salma mwenyewe alimwalika Bi Zuhura, alasiri moja ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Alikuja na sahani ya visheti, amevaa buibui na glovu nyeusi kama kawaida yake. Tangu nimjue, nje ya saluni sikuwahi kumwona bila ya glovu, nikachukulia ni utu wake na heshima. Salma alikaa nasi. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso.

"Inua nikuone," akasema Bi Zuhura.

Nikainua. Alitazama kwa muda, hakugeuza macho.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Ndevu zile zilikuwa zangu, lakini rangi ilikuwa ya Abdalla."

"Nlijua tangu siku ya kwanza. Mimi nnapaka piko kila wiki, nisiijue?"

"Mbona hukusema?"

"Nliona umefanya kwa ajili yangu. Nikaona vibaya kukuharibia." Sauti ilimpungua. "Ningelisema, hungeliumia. Ramadhani nzima nimelifikiria hilo."

Salma akamimina chai. Nikaanza kumsimulia aliyonieleza daktari, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiyafikiri usiku na mchana: kwamba mara ya kwanza mwili haujui, kwamba unajifunza, kwamba mtu anaweza kuishi na kitu miaka kisha siku moja ngozi ikakikataa. Nilikuwa naeleza kwa mikono, kama ninavyoeleza gesi inavyozunguka kwenye friji. Nikaona kikombe chake kimesimama hewani.

Akakiweka chini. Akavua glovu ya kulia, kidole kimoja kimoja, halafu ya kushoto, akaiweka mikono yake juu ya meza.

Kwa mbali ilikuwa mikono mizuri, vidole vimetiwa hina mpaka kiungo cha kwanza. Kwa karibu, ncha za vidole zilikuwa zimepasuka kama udongo uliokosa mvua, hina imeingia kwenye nyufa, na kucha zina mawimbi. Kidole gumba kilikuwa na damu mbichi.

"Miaka minane," akasema. "Hina inaficha. Nimekunywa kombe la maji ya aya, nimekogeshwa, nimeambiwa ni jicho la wapambaji wenzangu. Kuna mmoja sisemi naye mpaka leo kwa sababu hiyo."

Samahani, lakini sikuona huruma kwanza. Niliona swali. "Wiki ambayo huna harusi, inakuwaje?"

"Inapungua kidogo."

"Na ukisafiri?"

"Nlikwenda Umra siku kumi na tano, ikatulia. Nikasema ni maji ya Zamzam."

"Na Ramadhani? Ramadhani hakuna harusi."

Bi Zuhura alinitazama. Kisha akaitazama mikono yake, kama kwamba ameletewa sasa hivi.

"Ramadhani huwa napona," akasema polepole. "Kila mwaka. Huwa nadhani ni baraka za mwezi."

"Inaweza kuwa zote mbili," akasema Salma, na hapo Bi Zuhura akaanza kulia. Salma akasogeza kiti chake, akaishika ile mikono bila ya glovu, akaishika hasa. Mimi nikatoka nikaenda kusimama barazani.

Wiki ile tulikwenda kliniki sote watatu. Daktari alihitaji kuiangalia tu mikono ile na kusikiliza. Piko aiache kabisa. Njiani kurudi Bi Zuhura akasema, "Kwako ni ndevu. Kwangu ni kazi. Biharusi wa siku hizi hataki hina tupu. Nikimwambia piko sina, atakwenda kwa mwengine." Nilijifunza siku hiyo kwamba kujua sababu ya kitu hakukirahisishi kila mara. Aliacha. Msimu ule baada ya Sikukuu alipoteza maharusi watano aliokuwa keshawaandika. Alipokuwa akinihesabia majina yao hakulia, alikuwa akipiga kidole mezani, na kidole kilikuwa bado kimefungwa kitambaa.

Mabaka yangu sasa yalikuwa yanajulikana mji mzima, na habari zikafika Makunduchi zikiwa zimevimba kuliko uso wangu ulivyovimba. Mzee Makame akaleta neno jengine, safari hii si la upole: amesikia mposaji ana barasi, ule ugonjwa wa mabaka meupe, na barasi ni katika aibu ambazo kwazo sheria inampa mke haki ya kukataa. Ndoa isimame.

Nilikwenda mwenyewe kwa pikipiki, na Bi Zuhura akatangulia kwa gari la ndugu yake pamoja na Salma. Mzee Makame alikuwa fundi cherehani, sasa amestaafu, mtu mwembamba mwenye miwani mizito. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila ya kuniangalia. Nikatoa zile nailoni za Salma, zimekuwa nne, nikampa mkononi.

"Nini hizi?"

"Uso wangu, mzee. Kila baada ya wiki mbili."

Alizitazama moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Halafu, kwa vidole vya mtu aliyekata nguo maisha yake yote, akazipanga moja juu ya nyengine mpaka pua ikaja juu ya pua na mdomo juu ya mdomo. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Hili la taya limepungua. Hili pia."

"Naam."

"Hili la chini ya mdomo limekua."

"Naam. Hilo limekua."

"Sasa kwa nini umenionesha?"

"Kwa sababu limekua, mzee. Nshaficha mara moja, nikaharibu."

Alikaa na nailoni zile mapajani. Bi Zuhura, aliyekuwa amekaa mkekani na Salma, akavua glovu.

"Ami, nitazame na mimi. Hii ni miaka minane, na wewe hujui. Piko hiyo hiyo. Kama yeye ana aibu ya kurudishwa, basi na mimi ninayo, na yeye nshamuonesha, hakunirudisha."

Mzee Makame aliishika mikono ya mtoto wa nduguye, akaigeuza juu chini. Sikujua kama atakasirika au vipi. Mwisho akaniuliza mimi, si yeye:

"Inapona?"

"Inaanza, mzee. Kidole hiki hapa, mwezi uliopita kilikuwa hakikunjiki."

"Unamtazama vidole vyake kila mwezi?"

"Salma ndiye anayetazama, mzee. Mimi naambiwa."

Akacheka, cheko fupi kama kikohozi. Akasema Ijumaa ya pili ya Mfungo Nne itafaa, kwa sababu kabla ya hapo anakwenda kusimamia uchumaji wa karafuu za watu.

Tulioana katika kipupwe, ukumbi mdogo, upepo unapeperusha kanzu. Bi Zuhura alijitia hina tupu, nyekundu ya kukoza. Mimi nilikuwa na ndevu za wiki sita, nyeupe, na hapo niligundua jambo ambalo hakuna daktari aliyeniambia: ndevu nyeupe juu ya ngozi nyeupe, mtu haoni kitu. Baka la taya na yale madogo yamejaa rangi, la kidevuni linajaa kutoka pembeni, vidoa vidogo vya kahawia vinatokeza katikati yake kama mbegu. Lile la chini ya mdomo lipo. Nafikiri litakaa.

Wewe uliyesoma mpaka hapa kwa sababu na wewe unawashwa, nakwambia nililojifunza kwa gharama. Mara ya pili ikikuwasha, usiingoje ya tatu. Usijipake kila unacholetewa, hata kama aliyekuletea anakupenda. Mwambie daktari kweli mapema, samaki hana makosa. Osha uso kwa sabuni ya mwili isiyo na harufu, upake mafuta ungali na unyevu. Mimi sasa nafanya hivyo baada ya kila udhu, na ninapopanda paa za hoteli napaka krimu ya jua na kuvaa kofia ya ukingo mpana, na mafundi wenzangu wananiita biharusi. Wacha waite. Wawili wao wameniuliza kwa faragha napaka nini.

Vuli ilipoanza, Bi Zuhura aliniambia anataka kwenda kusajili laini ya simu. Nikamuuliza laini aliyonayo ina nini. Akasema si yake. Miaka yote ile mashine ya alama za vidole ilikuwa haimsomi, akaweka kidole hiki, akaweka kile, foleni nyuma yake inanung'unika, mwisho ndugu yake akamsajilia kwa jina lake. Hakuwa amemwambia mtu yeyote sababu.

Tulikwenda pamoja Darajani. Mama wa kaunta alifuta kioo cha mashine kwa kitambaa, akasema weka kidole gumba. Bi Zuhura alivua glovu, akapangusa kidole kwenye buibui kukausha jasho, akaweka. Mashine ikakaa kimya. Niliona bega lake limepanda. Kisha pakawaka taa ya kijani.

"Tayari, dada," akasema yule mama. "Jina?"

Bi Zuhura alikuwa amekiinua kidole karibu na macho, anakigeuza kwenye mwanga, anafuatisha vile vimistari vidogo vinavyozunguka.

"Jina, dada?"

"Naam," akasema. "Zuhura. Andika Zuhura."